Somo la Juma: Kiraka Si Aibu

Masomo: Matendo 9:36–42, Marko 2:21



Juma hili tunaanza kushona pamoja blanketi la viraka, lile ambalo wenyeji wetu hapa Minnesota huliita kwilti. Kila familia inaombwa kushona bloku 4 nyumbani. Familia 12 zikileta zake tutapata bloku 48, nazo zinatosha blanketi moja zima la inchi 60 kwa 80. Likikamilika tutalitoa kwa Lutheran World Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 1945, ambalo hupeleka kwilti za makanisa kwa wakimbizi na watu waliopatwa na maafa. Kabla ya kushika mkasi, tutazame Neno.

Wajane wa Yafa

Tabitha, aliyeitwa pia Dorkasi, yaani paa, alikuwa mwanafunzi wa Yesu mjini Yafa. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hawakumsimulia ukoo wake wala mali yake. Walionyesha nguo. Nazo hazikuwa matambara aliyochoka nayo, bali kazi ya mikono yake, iliyoshonwa kwa ajili ya watu aliowajua. Mjane aliyeivaa alijua kwamba kuna mtu aliyemhesabu.

Wapo kati yetu waliolala chini ya blanketi la msaada kule Nyarugusu, Kakuma au Kyangwali. Tunajua tofauti ya kitu ulichopewa kwa heshima na kitu ulichorushiwa. Leo zamu ya kutoa ni yetu, na jinsi tutakavyoshona itamwambia mpokeaji tunamwonaje.

Kwa nini viraka?

Huenda mwingine anajiuliza: kwa nini tumpe mhitaji kitu cha viraka? Kwetu kiraka kinakumbusha shida; mtoto mwenye kiraka kwenye kaptula huchekwa na wenzake. Lakini kuunga vitambaa si jambo geni Uswahilini. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za rangi zilizouzwa zikiwa zimeshikana, wakakata vipande 6, wakaviunga 3 juu na 3 chini, wakapata vazi moja pana. Huo unatajwa kuwa mwanzo wa kanga, na mpaka leo Mombasa kanga huitwa leso. Waliunga ili wapendeze.

Hatua za kazi

1. *Fua kwanza.* Katika Marko 2:21 Yesu alikuwa akijibu swali kuhusu kufunga, lakini mfano wake kila fundi anauelewa: kitambaa kisichowahi kuingia majini kikishonwa kwenye kilichokwisha kufuliwa, kitaruka na kuchana mwenzake. Kwa hiyo fua kitenge kipya, kianike, kipige pasi. Kama kinachuja rangi, kifue tena mpaka maji yawe safi.

2. *Kata.* Kila mraba uwe inchi 5 na nusu kila upande. Familia inahitaji miraba 16: 8 ya kitenge na 8 ya pamba isiyo na maua. Ukanda mmoja wa inchi 5 na nusu, ukikatwa kwa upana wote wa kitenge, hutoa miraba 8. Si nguo nyingi.

3. *Shona.* Unga kitenge na kitambaa kisicho na maua, mara mbili, kisha unganisha jozi hizo ili rangi zipishane. Mshono ukae robo inchi kutoka ukingoni. Bandika kipande cha utepe kwenye cherehani mahali hapo ili watoto nao waweze kufuata. Bloku iliyokamilika ipime inchi 10 na nusu. Ikishaungwa na wenzake itabaki 10.

4. *Piga pasi* mishono ilalie upande wa rangi iliyokolea.

Hiyo robo inchi tusiipuuze. Ukizidisha mshono kidogo tu, kwa nusu ya robo inchi, bloku yako itatoka na upungufu wa robo inchi na haitalingana na ya jirani. Tukizidisha hivyo sote, safu ya miraba 12 itapungua karibu inchi 3. Ukipunguza mno, mshono utafumuka blanketi likifuliwa mara chache, na huko liendako fundi huenda hayupo. Tumetoka nchi na makabila tofauti. Vitenge vyetu havifanani wala havihitaji kufanana. Kinachohitaji kufanana ni mshono.

Neno kwa wazazi

Msikate nguo ya kumbukumbu bila kumuuliza mwenye nayo. Kitenge cha bibi aliyebaki nyumbani, au aliyetangulia mbele za Bwana, kinaweza kuwa ndicho pekee familia ilichobeba safarini. Anayetaka kukitoa atoe kwa moyo. Asiyetaka asilaumiwe, kitambaa kingine kitapatikana.

Wape watoto kazi: mdogo apange rangi, mkubwa apime na kukata. Wakiwa mezani, wasimulieni mlipewa nini mlipokuwa njiani, na nani aliyewapa. Watoto waliozaliwa hapa hawayajui hayo tusipowaambia.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Ni msaada gani uliowahi kupewa ukajisikia umeheshimiwa? Kwa nini?
- Wajane walimwonyesha Petro nguo. Siku yetu ikifika, watu watakuwa na nini cha kuonyesha?
- Ni nani hapa New Hope anayehitaji kazi ya mikono yetu juma hili?

Sala

Bwana, ulitulinda kwenye baridi tulipokuwa hatuna kitu. Ibariki mikono yetu, na yule atakayejifunika blanketi hili ajue kwamba hujamsahau. Amina.