Kazi Popote, Mshahara Lini? Jinsi ya Kujilipa Unapofanya Kazi Mtandaoni

Saa mbili asubuhi, rafiki yako amekwama kwa jam ya Thika Road. Wewe uko Kilifi, ama ushago Bungoma, ama kwa nyumba yako hapo Rongai. Chai iko mezani, laptopu imewaka na kazi inaendelea. Hakuna nauli ya matatu, hakuna bosi wa kukuangalia ukiingia. Raha iliyoje!

Sasa ngoja swali hili: mshahara unaingia lini?

Rafiki yako wa kwa jam anajua tarehe. Tena kabla pesa imfikie, mwajiri ameshakata kodi, NSSF na bima ya afya. Wewe unayefanya kazi ya mtandaoni, mara nyingi hakuna anayekufanyia hayo. Mwezi huu umelipwa vizuri, mwezi ujao mteja wako wa ng'ambo amenyamaza kabisa. Ndiyo maana sisi husema kwamba anayefanya kazi popote ana kazi mbili: ile anayolipwa, na ile ya kuwa mwajiri wake mwenyewe. Wengi wanaifanya ya kwanza vizuri sana. Ni ya pili inayowaangusha.

Leo tuiangalie hiyo ya pili, hatua kwa hatua.

1. Jua unafanya kazi kwa saa za nani

Unaweza kuwa popote, lakini saa ni za mteja. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa saba au nane, kulingana na msimu wao. Mteja wako wa huko akitaka uwe mtandaoni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa saa zake, kwako wakati wa baridi yao hiyo ni saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku. London ni afadhali. Siku yao ya kazi kwetu inaanza saa tano asubuhi au saa sita mchana.

Kumbuka pia kwamba wao hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, sisi hatubadilishi. Mkutano uliokuwa saa kumi unaweza kuwa saa kumi na moja bila mtu kukuambia. Kabla ya kukubali kazi, andika saa hizo kwa saa za Kenya, kisha ujiulize: nitalala saa ngapi? Kazi ya usiku pia ina gharama. Stima inatumika zaidi, na ukifanyia kazi nje ya nyumba, kurudi saa saba usiku si bei ya matatu.

2. Hesabu "ofisi" yako

Ofisini, intaneti na stima ni shida ya kampuni. Kwako ni shida yako. Mwenzetu mmoja kwa timu aliomba kufanya kazi akiwa ushago kwa wiki mbili. Siku ya tatu stima ikapotea katikati ya mkutano na simu yake ilikuwa na asilimia nane ya chaji. Alimalizia mkutano akiwa amesimama nje ya duka la jirani lenye sola. Tulicheka, lakini tulijifunza kitu.

Tenga pesa ya vitu hivi kila mwezi kabla ya matumizi mengine:

- intaneti ya nyumbani, pamoja na bando ya akiba kwenye laini ya mtandao tofauti;
- tokeni za stima;
- pawabenki ya kukusukuma hadi stima irudi;
- pesa kidogo ya siku moja moja ya kukaa mahali penye waifai ya kuaminika.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana: watu wa nyumbani. "Si uko tu kwa nyumba? Hebu peleka mahindi kwa poshomili." Mama hana nia mbaya. Kwake, kazi ni kitu mtu anaendea. Usibishane. Mwonyeshe: "Mama, kutoka saa tano hadi saa moja jioni niko kazini. Baada ya hapo nitume popote." Wengine watadhani dola zinamwagika kwa simu yako kila siku, na maombi ya pesa yataongezeka. Weka kiasi cha kusaidia familia kwenye bajeti. Kikiisha, kimeisha hadi mwezi ujao.

3. Dola si shilingi mpaka zifike

Chukulia umekubaliana na mteja dola 400. Ukichukulia dola moja ni KSh 129, kichwani umeshahesabu KSh 51,600. Sasa tufuate hizo pesa njiani:

- Jukwaa lililokupatia kazi linakata asilimia 10. Zinabaki dola 360.
- Kuhamisha pesa kunakata dola 5. Zinabaki dola 355.
- Anayekubadilishia anakupa KSh 126 kwa dola, si 129. Unapokea KSh 44,730.

KSh 6,870 zimepotelea njiani, na hakuna aliyekuibia. Makato hutofautiana, hivyo fanya hesabu hii kwa njia unayoitumia wewe. Mara nyingi ada ndiyo watu huangalia, lakini kiwango cha kubadilisha pesa ndicho kinakula kimyakimya. Kama ada ya kuhamisha ni ileile kwa kiasi chochote, ni afadhali kutoa pesa mara moja kwa mwezi kuliko mara nne.

Halafu kuna shilingi yenyewe. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu KSh 160. Miezi michache baadaye ilikuwa kama KSh 130. Aliyekuwa akilipwa dola 600 alitoka KSh 96,000 hadi KSh 78,000. Kazi ni ileile, mteja ni yuleyule, lakini KSh 18,000 hazipo. Aliyekuwa amechukua nyumba ya bei ya juu au mkopo kwa hesabu ya 160 aliumia. Kwa hivyo panga kodi ya nyumba na mikopo kwa kiwango cha chini kuliko cha leo. Dola ikipanda, hiyo ni bonasi.

4. Jilipe mshahara

Hapa ndipo moyo wa somo. Pesa za wateja zisiwe ndizo pesa za matumizi. Ziingie mahali pamoja, kisha wewe ujilipe kiasi kilekile, tarehe ileile, kila mwezi.

Tuseme miezi sita yako ilikuwa hivi: KSh 85,000, 40,000, 62,000, 30,000, 70,000 na 55,000. Jumla ni KSh 342,000, yaani wastani wa 57,000 kwa mwezi. Ukitumia kila kinachoingia, mwezi wa kwanza unakula nyama choma na mwezi wa nne unakopa. Ukijilipa KSh 40,000 kila mwezi, mwezi wa nne hutauhisi kabisa, na mwisho wa miezi sita umebaki na KSh 102,000.

Jinsi ya kuanza:

- Fungua pochi ya akiba iliyo mbali na salio lako la kila siku. Malipo yote yaingie humo.
- Angalia miezi sita iliyopita. Chagua mshahara ulio chini ya wastani wako.
- Chagua tarehe, kwa mfano tarehe 28, na uhamishe mshahara siku hiyo tu.
- Mwezi mzuri usijiongezee mshahara. Ngoja miezi sita ipite ndipo uangalie upya.

5. Sehemu ya hiyo akiba si yako

Zile KSh 102,000 zisikudanganye. Humo mna kodi. Ukiwa mkaazi wa Kenya, mapato ya kazi unayoifanyia hapa yanatozwa kodi hata kama anayekulipa yuko ng'ambo. Ritani ya mwaka uliopita inawasilishwa KRA kufikia tarehe 30 Juni, na faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi inaanzia KSh 2,000. Weka kando sehemu ya kila malipo siku yanapoingia, na uhifadhi risiti za intaneti na vifaa vya kazi.

Usisahau pia SHA na NSSF. Hakuna mwajiri wa kukukatia, kwa hivyo jisajili na ulipe mwenyewe. Uhuru wa kufanya kazi ufukweni hautakusaidia sana siku utakapolazwa.

6. Kazi ya kweli haikuombi pesa

Kwa sababu hamuonani ana kwa ana, matapeli wanapenda sana eneo hili. Kaa chonjo ukiona:

- "Lipa ada ya usajili ndio uanze kazi." Mwajiri hulipa, halipwi.
- Kikundi cha mtandaoni kinachokulipa shilingi mia mbili kwa "kulaiki" video, kisha kinakutaka uweke elfu tano ili upate kazi "kubwa".
- Mtu anayekuuzia akaunti ya kazi iliyo kwa jina la mtu mwingine. Jukwaa likigundua, akaunti inafungwa na pesa zako zikiwa ndani.
- Ujumbe wa malipo uliotoka kwa namba ya kawaida. Angalia salio lako kwanza, si ujumbe.

Ukitaka kujifunza kazi hizi bila kulipa mtu, mpango wa serikali wa Ajira Digital hutoa mafunzo ya bure.

Zoezi la wiki hii

Chukua karatasi. Andika pesa zote zilizoingia kwa miezi sita, mwezi kwa mwezi, kwa shilingi zilizofika kwako na si dola ulizoahidiwa. Tafuta wastani. Chini yake andika mshahara wako mpya na tarehe ya kujilipa. Bandika hapo unapofanyia kazi, iwe ni Kilifi ama Rongai.

Mwezi wa kwanza utakuwa mgumu, hasa ukiona pesa iko na hujilipi zaidi. Vumilia. Mteja akichelewa kukulipa mwezi wa tatu, na kodi ya nyumba ikatoka tarehe yake kama kawaida, utajua kwa nini tulikusumbua.

Na kama kawaida: hatutawahi kukupigia simu kukuuliza PIN yako. Akipiga mtu akajiita sisi, kata.