Ngazi Ndefu na Miguu Mifupi: Somo kwa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu



Kuna kijana mmoja ambaye yupo karibu katika kila parokia (pengine ndiye wewe unayesoma hapa). Kwaresima ikianza anaandika maazimio yake kwenye daftari: sitaangalia tena picha chafu, nitasali rozari kila siku, sitamjibu mama vibaya. Wiki ya kwanza mambo safi. Wiki ya pili anateleza. Anaenda kuungama, anaahidi, anateleza tena. Mara ya tano anaona aibu kumrudia padre yuleyule na dhambi ileile, basi anaacha kabisa. Kwenye Misa anakaa nyuma, komunyo hapokei. Ukimuuliza anakwambia, "Nimeshindwa. Nitarudi nikishakuwa sawa."

Hebu tuitazame vizuri hiyo kauli. Nitarudi nikishakuwa sawa. Sasa nani atamfanya awe sawa? Ni yeye mwenyewe! Yaani anataka apone kwanza, halafu ndipo aende kwa daktari. Kwa nje inaonekana ni unyenyekevu, lakini ukichimba unakuta mtu aliyekuwa anajitegemea, na sasa ameumia kuona nguvu zake hazikutosha.

Kosa hili ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 5 alikuwepo mtu aitwaye Pelagius, aliyefundisha kwamba mwanadamu anaweza kuishi bila dhambi kwa uwezo wa utashi wake. Mtakatifu Augustino alimpinga vikali, na Mtaguso wa Karthago mwaka 418 ukalikataa fundisho hilo. Bila neema hatuwezi.

Teresia aliingia Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu. Alitamani sana utakatifu, lakini kila alipojipima na watakatifu wakubwa aliona wao ni mlima, yeye ni punje ya mchanga. Angeweza kukata tamaa. Badala yake aliwaza hivi: enzi zake lifti zilikuwa kitu kipya kwenye nyumba za matajiri, mtu hapandi tena ngazi. Naye akatafuta lifti ya kumfikisha kwa Mungu, akaona kwamba lifti hiyo ni mikono ya Yesu. Kwa hiyo hakuhitaji kukua awe mkubwa. Alihitaji kubaki mdogo ili abebwe.

Wapo wanaomwona Teresia kama mtakatifu wa maua na picha nzuri tu. Mimi siwaelewi. Tangu Pasaka ya 1896 mpaka kifo chake, kifua kikuu kikimmaliza, alipita katika giza zito la imani. Huyu hakusema "namtegemea Mungu" akiwa raha mustarehe.

Sasa utaniuliza: kwa hiyo nikae tu, Mungu atafanya? Hapana. Teresia alimweleza mnovisi mmoja aliyevunjika moyo kwamba sisi ni kama mtoto mdogo chini ya ngazi. Mtoto anainua kamguu kake, hafiki hata daraja la kwanza, anaanguka, anainua tena. Mzazi yuko juu anamwangalia. Mwishowe anashuka mwenyewe, anambeba. Zingatia hapo: mtoto hakuacha kuinua mguu. Futa ile programu inayokuangusha, simu usiingie nayo kitandani, omba msaada. Ila usidhani mguu wako ndio utakaokufikisha juu.

Mtazame pia Petro. Aliahidi mbele ya wote kwamba yuko tayari kufa na Bwana, na usiku uleule akamkana mara tatu. Lakini kule ziwani, baada ya ufufuko, alipoambiwa ni Bwana alijitupa majini kumfuata, wala hakungoja kwanza awe jasiri. Yesu naye hakumuuliza kama ataahidi tena. Alimuuliza kama anampenda.

Kama una miezi hujaungama, uliza ratiba parokiani kwako wiki hii. Ukifika, huna haja ya kuanza na maelezo marefu. Mwambie padre ni dhambi ileile ya siku zote. Ameshaisikia.