Kutengeneza Bampa la Plastiki

Wanachama kadhaa wenye magari ya kuchukulia karafuu wametuuliza: kwa nini bampa likishazibwa na kupakwa rangi, rangi hubambuka baada ya miezi michache? Twajibu kwa kueleza kazi tuliyoitazama Miembeni. Si Miembeni yetu ya mjini Unguja, bali ile ya Bukoba, mkoani Kagera, alikogongwa mwenzetu mmoja. Bukoba iko kando ya Ziwa Viktoria na mvua zake ni nyingi kama zilivyo kwetu Pemba, hivyo somo lake latufaa.

Fundi wa kwanza aliujaza ufa kwa puti ya bati, akapiga rangi siku ile ile. Gari liling'ara. Haukupita muda puti ikaachana na plastiki, na rangi ikatoka vipande vipande kama ganda la kitunguu.

Sababu ni hii. Mabampa mengi ya siku hizi ni ya plastiki iitwayo polipropilini. Hupinda bila kuvunjika upesi, lakini haipendi kushikwa na kitu, iwe gundi, puti au rangi. Ligeuzeni bampa mtazame ndani: aghalabu mtaona chapa PP, pengine pamoja na EPDM, yaani limechanganywa na mpira. Mengine yameandikwa ABS, nayo hupokea rangi kwa urahisi zaidi. Chapa ikiwa imefutika, kata kijipande kisichokuwa na rangi ukitie majini: PP tupu huelea, ABS huzama. Lakini PP iliyotiwa unga mwingi wa mawe yaweza kuzama pia, basi chapa ndiyo ya kuaminiwa.

Fundi wa pili alilifungua bampa lote, na hapo pakaonekana jambo kubwa kuliko rangi. Bampa la plastiki ni ngozi tu. Nyuma yake mna boriti ya chuma, nayo ilikuwa imepinda. Mwenzetu alikuwa akitembea na gari lililopambwa usoni na kuumia ndani. Boriti ikabadilishwa kwanza.

Kisha bampa likaoshwa kwa sabuni na kupanguswa mafuta kabla ya msasa, maana msasa huyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. (Sisi wenye mikono ya karafuu tuangalie hapo.) Ncha za ufa zikatobolewa tundu ndogo ili usiendelee. Upande wa ndani ukachimbwa mfereji, ukayeyushiwa ukanda wa plastiki ya jamii ile ile uliokatwa katika bampa bovu, kwa chuma cha kulehemu cha umeme. PP na ABS hazishikani. Moshi ukitoka, moto umezidi, na plastiki iliyoungua haina nguvu. Wavu mwembamba wa chuma ukazamishwa juu yake.

Upande wa nje ukapigwa msasa namba 80, kisha 180, ukatiwa puti ya plastiki inayopinda, ukalainishwa kwa 320. Ndipo ikaja hatua ambayo fundi wa kwanza aliiruka: praima maalumu ya plastiki, koti jembamba tu. Bei yake huwafanya wengi waiache, na hiyo ndiyo inayoifanya rangi ishike. Juu yake praima ya kawaida, msasa wa maji namba 600, rangi, na mwisho vanishi.

Vanishi na rangi nyingi zinazochanganywa na dawa ya kukazia zina isosayaneti, ambayo huweza kumtia mtu pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakizuii, wala barakoa ya vumbi. Yatakiwa barakoa yenye vichujio vya mvuke pamoja na hewa ipitayo, na watoto wakae mbali. Mahali pa kuanikia karafuu pasitumiwe kwa kazi hii hata kidogo.

Mvua ikinyesha, fundi yule hakupuliza. Mwenzetu alingoja siku nne Bukoba, akinung'unika.