Msikilizeni Mtoto Kabla ya Kumhukumu

Jina la Mirembe lajulikana hata kwa watu ambao hawajakanyaga Dodoma. Hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili ilianzishwa mwaka 1927, na wengi waliotibiwa humo walipata nafuu, wakarudi kwao kulima na kulea watoto wao. Lakini sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Mtoto akifanya jambo tusilolielewa, twamwambia, “Wewe ni wa kupelekwa Mirembe.” Kwa Kiganda neno hilo maana yake ni amani, katika vinywa vyetu limekuwa kitisho. Kwa hiyo kijana anayeanza kuugua moyoni hathubutu kusema, na wazazi wake hawathubutu kuuliza. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Tusidhani kwamba hao ni wenda wazimu. Wengi wao wana sonona, au hofu isiyowaachia nafasi ya kupumua, nao huja shuleni kila siku wakiwa wamevaa sare kama wenzao.

Tumfikirie kijana wa kidato cha pili katika shule ya kata, huko Bahi au Chamwino. Ni mwezi wa Februari. Mtama na uwele ungali shambani, na ghala la nyumbani ni tupu. Kijana huyu aondoka gizani, atembea mwendo mrefu, afika amechoka. Mwaka jana alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Sasa akaa nyuma, amewaacha rafiki zake, na usiku hapati usingizi. Mwalimu amwona mvivu, amchapa. Baba amwona mkaidi, amkaripia. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza, “Mwanangu, una nini?”

Hatusemi kwamba vijana wasirudiwe. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zaruhusu fimbo zisizozidi nne, kwa kosa kubwa, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi. Lakini kanuni hizo zaweka mpaka wa fimbo. Hazisemi kwamba fimbo ni dawa. Huzuni haitoki kwa kuchapwa; yajificha tu ndani zaidi. Na mtoto aliyechapwa asubuhi hatamfungulia moyo wake jioni mtu yule yule aliyemchapa. Ndiyo sababu twasema kwamba mwalimu wa unasihi asiwe ndiye mwalimu wa nidhamu.

Mt. Yohane Bosco, aliyewalea vijana maskini wa mji wa Torino katika karne ya 19, alifahamu jambo hili. Alitaka mlezi awe kati ya vijana, uwanjani na karakanani, awajue kabla hawajakosa. Wanawe Wasalesiani wana chuo cha ufundi hapa Dodoma. Lakini si lazima mtu awe mtawa ili kufuata njia hiyo. Yamfaa kila mzazi na kila mwalimu. Basi tujifunze mambo matano.

Kwanza, tujue dalili. Huzuni ya siku mbili tatu ni sehemu ya maisha. Bali kijana akikaa majuma mawili au zaidi bila furaha, akikosa usingizi au hamu ya chakula, akijitenga, akisema kwamba hana maana, hapo yatupasa kushtuka.

Pili, tumsikilize. Tukae naye mahali ambapo maneno hayasikiwi na wengine, lakini watu waweza kutuona, kama vile chini ya mti uwanjani. Tuulize kidogo, tunyamaze sana. Tusimwambie “Jikaze,” wala “Wenzako wana shida kuliko wewe.” Maneno hayo humfunga mtoto kinywa.

Tatu, tutunze siri. Jambo la mtoto lisiwe hadithi ya chumba cha walimu. Lakini tumweleze tangu mwanzo kwamba kama uhai wake umo hatarini, au kama kuna mtu anayemdhuru, hatutanyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka kila mtu katika jamii atoe habari kwa serikali ya mahali haki ya mtoto inapovunjwa.

Nne, tusiogope kutaja kifo. Kijana akisema afadhali asingezaliwa, tumwulize waziwazi kama awaza kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Kisha asiachwe peke yake, na sumu za shambani na dawa ziondolewe karibu naye, naye apelekwe kwa mganga siku ile ile.

Tano, tujue mwisho wa uwezo wetu. Mwalimu si daktari. Kuna zahanati, kuna hospitali ya wilaya, kuna ofisa wa ustawi wa jamii, na Mirembe yenyewe ipo. Iko pia simu ya msaada kwa watoto, namba 116, isiyolipiwa.

Wazazi wapendwa, mkutano wa shule utakapoitishwa, msiulize habari za michango na mitihani tu. Ulizeni: Mwalimu wa unasihi ni nani? Je, ndiye pia mshika fimbo? Amepewa saa gani na mahali gani pa kuwasikiliza watoto? Katika shule nyingi mwalimu huyo ana vipindi tele na madaftari ya kusahihisha, na unasihi hubaki jina tu. Apunguziwe kazi nyingine, ndipo aifanye hii.

Na nyumbani tuanze na jambo lisilogharimu senti moja: tuache kulitumia jina la Mirembe kama tusi. Mtoto asikiaye ugonjwa wa akili ukichekwa mezani hatatuambia siku utakapomfika yeye. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kulea kwaanza kwa kusikiliza.