"-angu" Mbili za Kapingamarangi

Wanachama wenzangu, katika sarufi twafunzwa kwamba kimilikishi -angu hufuata ngeli ya nomino: kitabu changu, mwalimu wangu. Hebu leo tusafiri hadi Bahari ya Pasifiki tukaione -angu inayofuata jambo jingine kabisa.

Kapingamarangi ni visiwa vidogo vya matumbawe vilivyojipanga kama pete, katika nchi ya Mikronesia. Viko digrii moja hivi kaskazini ya Ikweta, mstari ule ule upitao hapa kwetu Nanyuki. Nchi kavu yote ni kama kilomita mraba 1 tu. Majirani wengi husema lugha za Kimikronesia, lakini Wakapinga wao ni Wapolinesia: nyumba kwao ni hale, sawa na huko Hawaii.

Wana pumzi ile ya Kimvita inayotenganisha paa la nyumba na paa mnyama. T yenye pumzi huiandika t, isiyo na pumzi huiandika d. Wingi nao ni rahisi: di hale, nyumba moja, nia hale, nyumba nyingi. (Nia hii si nia yetu, wala dama, yaani mtoto, si ndama!)

Sasa utamu wenyewe. Mtoto wangu ni dagu dama, lakini baba yangu ni dogu damana. Mbona a huku na o kule? Kwa jumla, a ni ya vile unavyovipata au kuvitawala wewe mwenyewe, kama watoto na chakula. O ni ya vile usivyojichagulia: wazazi, viungo vya mwili. Nyumba je, si mtu huijenga mwenyewe? Hata hivyo ni dogu hale, kwa kuwa ndiyo imfunikayo. Sisi twasema babangu na mwanangu, basi, yameisha.

Ukame wa miaka ya 1916 hadi 1918 uliwasukuma wengi kwenda kisiwa cha Pohnpei, zaidi ya kilomita 700, na kijiji chao cha Porakiet kipo hadi leo. Kamusi yao, kazi ya Michael Lieber na Kalio Dikepa, ilitoka mwaka 1974. Wasemaji wote ni elfu chache tu. Mtoto wa Porakiet husikia Kipohnpei mjini na Kiingereza darasani, na Kiingereza kina neno moja tu kwa dagu na dogu. Tofauti hiyo ataipata nyumbani, kwa wazazi wake, wale wa o.