Mlango Usiofunga: Somo la Momenti, Ulalo na Kutu

Fundi wa gereji huko Rusimbi, mjini Kigoma, akiletewa Land Rover kuukuu iliyokwisha kutumika jeshini, huenda lalamiko la mwenyewe lisiwe juu ya injini bali juu ya mlango. Haufungi mpaka ubamizwe. Ukifunga, mwanga huonekana pembeni. Vumbi huingia wakati wa kiangazi na mvua huingia masika. Tena iko hatari: ulimi wa kitasa ukishika kwa ncha tu, shimo moja la barabarani laweza kuufungua mlango huku abiria ameuegemea. Dawa ya haraka ni nyundo, au kuuinua mlango kwa jeki mpaka upinde. Dawa hiyo huuficha ugonjwa kwa muda mfupi na kuuharibu mlango kwa muda mrefu.

Magari haya hayakuundwa ili yazibe kama sanduku. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma, na kwa hiyo bati la mwili wake likafanywa kwa aloi ya alumini. Aina nyepesi iliyoundiwa jeshi la Uingereza kuanzia mwaka 1968 ilikusudiwa kuvuliwa milango na kioo cha mbele ili helikopta iweze kuibeba. Sehemu ya juu ya mlango, yenye dirisha, hufungwa kwa boliti juu ya sehemu ya chini. Baada ya miaka mingi ya kuvuliwa na kuvishwa, gari moja huweza kuwa na vipande vya magari matatu. Meli ya Liemba nayo ilifika Kigoma vipandevipande, lakini ilikuwa imekwisha kuundwa kwanza Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Kila kipande kilikuja pamoja na jirani yake.

Mwanafunzi na aanze kwenye bawaba. Achukue mfano wa mlango wenye uzito wa nyutoni 150, upana wa sentimita 80, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 40 kutoka bawabani, na bawaba mbili zikiachana kwa sentimita 30. Momenti ya uzito ni 150 × 40. Momenti hiyo lazima isawazishwe na kani mbili za mlalo: bawaba ya juu inavutwa nje, ya chini inasukumwa ndani. Kila moja ni 150 × 40 ÷ 30, yaani nyutoni 200, zaidi ya uzito wa mlango wenyewe. Na hiyo ni hali ya gari lililosimama. Sasa bawaba ya juu ikilika milimita 1.5, ukingo wa upande wa kitasa utashuka 1.5 × 80 ÷ 30, yaani milimita 4. Kulika kusikoonekana kwa jicho kumekuwa kosa linaloonekana na kila mpita njia. Basi pini na vikombe vya bawaba hubadilishwa kabla ya kugusa kitu kingine.

Bawaba zikiwa nzima na mlango bado unakwama, shaka iondoke mlangoni iende kwenye fremu yake. Katika mstatili, ulalo mmoja ni sawa na wa pili. Mlango wa Land Rover si mstatili kamili, kwa hiyo kipimo cha busara ni kulinganisha ulalo wa upande wa kushoto na ule wa kulia kwa uzi usionyumbuka. Tofauti ikiwapo, ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria umeinama, mara nyingi kwa sababu miguu yake imeliwa na kutu pale inapofungwa kwenye chasisi. Jaribio jingine lafaa darasa zima: nafasi ya mlango ipimwe gari likiwa kwenye uwanja tambarare, kisha gurudumu moja likiwa juu ya jiwe. Nafasi ikibadilika sana, chasisi inajikunja au boliti zimelegea. Kuukata mlango ufuate fremu iliyopinda ni kazi ya bure.

Kutu nayo ina hila yake. Ndani ya mlango, bati la alumini hugusana na fremu ya chuma. Penye unyevu wenye chumvi hata kidogo, metali hizo mbili huwa kama betri: alumini, iliyo tendaji zaidi, hutoa elektroni na kuliwa. Maji ya Ziwa Tanganyika si ya bahari, lakini matope yaliyokwama mlangoni yanatosha. Unga mweupe unaofanyika huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, hivyo bati huvimba na ukingo kunenepa. Unga huo ukwanguliwe, chuma kipakwe rangi, na ukanda wa mpira wa tyubu uwekwe kati ya metali hizo.

Mwisho kabisa ndipo hurekebishwa kitasa. Mpira wa kuzibia upakwe chaki, mlango ufungwe polepole na kufunguliwa. Pasipo na alama ya chaki, hapo ndipo vumbi linapopita. Penye alama nzito mno, hapo ndipo mlango unapokwama. Washa nyembamba huongezwa au kuondolewa chini ya bawaba, kisha chaki hupakwa tena.