Somo kwa Vikundi: Tuyajue Maji ya Ukingoni Kabla ya Kutupa Nyavu



Somo la leo linahusu maji ya karibu na ufuo. Mmoja wenu awasomee wengine kwa sauti, kisha mjadiliane.

Mara nyingi tunasikia swali hili: "Mbona mwaka juzi tilapia walijaa hapa karibu, na leo tunarudi na nyavu tupu?" Wengine husema ati samaki wamehama. Wengine hulaumu kikundi cha jirani. Lakini jibu la kwanza liko kwenye maji yenyewe.

1. Maji yetu yanatoka wapi?

Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Maji huingia, halafu jua na upepo huyapunguza kwa zaidi ya meta 2 kila mwaka. Ndiyo maana yana chumvi na magadi, ingawa si kama ya bahari. Sehemu kubwa sana ya maji huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Mvua ikinyesha kwenye milima ya huko kati ya Juni na Septemba, ziwa hupanda baadaye, hata kama hapa Eliye halijaanguka tone. Basi usitazame mawingu ya hapa tu.

Maji yakipanda hufunika nyasi na vichaka vya ukingoni. Hapo tilapia hupata chakula na kuzaa, na vifaranga hujificha wasiliwe na sangara. Maji yakishuka, mahali hapo pa kuzalia hukauka.

Siku hizi miezi haitabiriki kama zamani. Bwawa la Gibe III huko Ethiopia lilianza kujazwa mwaka 2015, na mafuriko ya Omo yamebadilika. Tena, kuanzia 2019 mvua kubwa zililipandisha ziwa likameza sehemu za ufuo. Kwa hiyo tusikilize wazee, lakini tupime pia.

2. Funzo la Ghuba ya Ferguson

Ghuba hii iko karibu na Kalokol, nayo inakingwa na ulimi wa mchanga wa Longech. Mwaka 1976 ziwa lilitoa zaidi ya tani 15,000 za samaki, na wengi wao walikuwa tilapia wa ghuba hii. Watu waliopoteza mifugo kwa ukame walikuja kuvua. Kwa msaada wa Norway, kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kumbe kukausha kwa jua kulikuwa rahisi kuliko kugandisha mahali penye joto kali na umeme wa gharama. Kiwanda hakikudumu. Halafu, katikati ya miaka hiyo hiyo, maji yalishuka na ghuba ikakauka. Waliobaki na mashua bila mbuzi hata mmoja walirudi kungoja chakula cha msaada.

Ghuba ilijaa tena baadaye. Lakini tumeona: mwaka wa samaki wengi si ahadi ya mwaka ujao. Ndio wakati wa kuweka akiba.

3. Upepo ni wa kuogopwa

Upepo mkali wa kusini-mashariki huvuka ziwa na kusukuma mawimbi hadi upande wetu. Ufuo wa Eliye uko wazi, hauna kinga kama ile ya Longech. Chelezo cha magogo ya mkoma hakiwezi kupambana na mawimbi hayo, na hata mashua nzuri hupinduka. Upepo ukianza kuinua povu jeupe mbali, usiingie. Kama uko ndani, acha nyavu urudi. Nyavu hununuliwa tena, baba wa watoto hanunuliwi. Kila mtu awe na boya, au angalau jerikeni tupu lililofungwa vizuri. Na kwenye maji ya magoti, kumbukeni mamba.

4. Mambo manne ya kufanya

Kwanza, simikeni mti wenye alama mahali palipokingwa na mawimbi. Kila Jumatatu mmoja asome kimo cha maji na kuandika daftarini, pamoja na samaki mliopata. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na kalenda yenu wenyewe.

Pili, acheni nyavu za kukokota ufuoni. Sheria ya Kenya inazikataza, na sababu yake ni wazi: huzoa vifaranga na kuharibu mazalio. Kuhusu ukubwa wa matundu, muulizeni afisa wa uvuvi.

Tatu, kaeni na kamati ya ufuo, yaani BMU, mchague sehemu moja yenye nyasi ambayo hakuna mtu atatega wakati maji yanapanda.

Nne, msianike samaki mchangani. Pasueni mapema, osheni, mwanike juu ya kichanja. Joto letu huozesha samaki kwa saa chache, na samaki mwenye mchanga hupunguziwa bei na wachuuzi wanaompeleka Kitale na Busia.

Maswali ya kujadiliana

1. Mzee gani hapa anakumbuka ghuba ilipokauka? Familia yake iliishi vipi?
2. Kwetu, vifaranga huonekana sehemu gani? Nani hutega hapo, na kwa nini?
3. Ziwa likishuka tena, kikundi chetu kina nini mkononi: mbuzi, akiba, au nyavu tu?
4. Nani atasoma ule mti Jumatatu ijayo?

Msifunge mkutano kabla ya kujibu swali la nne kwa jina la mtu.